Daraja la Bondeni Limepatikana

Idara ya Madaraja na Vivuko ilitangaza, kwa furaha kubwa na mhuri wa bluu, kwamba baada ya miaka kumi na mitatu ya mchakato shirikishi, daraja la Bondeni limepatikana. Wakazi walitakiwa kusherehekea kwa utaratibu.

Daraja lenyewe lilitundikwa ghorofa ya pili, mkabala na mlango wa Mkurugenzi, kati ya kalenda na mtungi wa kuzimia moto. Lilikuwa mchoro wa rangi za mafuta, zawadi ya wageni waliokuja kwenye semina. Upana wake ulikuwa mita moja na nukta mbili, ukihesabu na fremu. Ndani yake kulikuwa na daraja la bustanini, la mbao za kijani, limebinuka kama mgongo wa paka juu ya bwawa lililojaa mayungiyungi. Mchoraji hakuwa mtu wa kunyoosha mistari. Alipachikapachika madoa tu, hapa zambarau, pale njano, mpaka maji yakawa yanametameta.

Mkaguzi wa madaraja, mwanamke wa makamo ambaye mafundi walimwita Bi Nondo, aliitwa kuthibitisha. Alikuja na futi yake ya kupimia, maana miaka kumi na minane kazini hakuwahi kwenda popote bila hiyo.

"Bosi, hii ni picha," alisema.

"Picha ya nini?"

"Ya daraja."

"Basi. Tatizo liko wapi?"

Bi Nondo alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. "Ukilisogelea halionekani. Ni madoa matupu."

"Miradi yetu yote iko hivyo," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Ndiyo maana tunawaomba wananchi wasiisogelee."

Bi Nondo aliomba siku mbili za kutafakari kitaalamu. Ukweli ni kwamba alikuwa na shangazi yake Bondeni, ndiye aliyemlea, na shangazi huyo kila siku ya kliniki alivuka mto juu ya gogo lililooza upande mmoja. Mwezi uliopita aliteleza, akatolewa majini huku ameng'ata kadi ya kliniki kwa meno isilowe.

Kesho yake shangazi alifika ofisini na majirani wanne, wote wamevaa nguo za kutokea. Walikuja kuliona daraja lao. Walisimama mbele ya mchoro, wakainamisha vichwa huku na huku.

"Kwa kweli limependeza," shangazi alisema hatimaye, wala hakuwa anatania. "Aliyechora aliyapenda maji. Sasa, mwanangu, sisi tunapita wapi?"

"Kwa macho, mama," Mkurugenzi alijibu. "Kuvuka kwa miguu ni fikra za zamani."

Shangazi alitazama pindo la gauni lake, ambalo bado lilikuwa na tope la asubuhi ile. Aliaga kwa heshima, akashuka ngazi taratibu, na Bi Nondo akatamani angalau angetukana.

Mchana huo Bi Nondo alijifungia na Kanuni za Madaraja, kitabu kinene ambacho idara nzima ilikijua kama kiegemezo cha feni. Alisoma mpaka kifungu cha arobaini na moja, akacheka peke yake, akachukua fomu, akajaza. Aina: daraja. Hali: nzuri. Mahali lilipo: Mto Bondeni. Mkurugenzi aliidhinisha bila kusoma, kwa saini yenye mikia mitatu.

Kifungu kilisema hivi: kila daraja litazinduliwa mahali lilipo, mbele ya Waziri, kwa kuvukwa kwa miguu na afisa aliyeliidhinisha. Afisa huyo atabaki hapo kama mwangalizi hadi wakazi waandike kwamba wameridhika.

Siku ya uzinduzi mahema yalipigwa, bendi ikaletwa. Mkurugenzi alifika na mchoro kwapani, umefunikwa shuka, akiamini bado kwamba maneno yangemtoa. Bi Nondo alisimama kando na kitabu mkononi.

"Daraja liko wapi?" Waziri aliuliza.

Mkurugenzi alifunua shuka. "Mheshimiwa, hili hapa."

Waziri aliutazama mchoro, akautazama mto, akawatazama waandishi wa habari. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amejipongeza redioni kwa dakika arobaini. Hapakuwa na pa kurudi.

"Zuri sana," alisema, akitupia jicho kitabu alichofunguliwa na Bi Nondo. "Vuka."

"Mheshimiwa?"

"Kifungu kinasema uvuke. Vuka, tupige makofi."

Mkurugenzi alikanyaga gogo, mchoro kichwani. Hatua ya kwanza alijikaza. Ya pili alimwita mama yake. Ya tatu akawa majini hadi kifuani, na bendi, iliyoagizwa kuanza afisa akifika katikati, ikaanza. Waziri alikata utepe chapuchapu, akaondoka kabla tarumbeta hazijanyamaza. Mchoro uliokotwa chini kidogo mtoni na wanawake waliokuwa wakifua. Waliuanika, wakamtundikia shangazi sebuleni, kwa sababu ulikuwa mzuri.

Mkurugenzi, sasa mwangalizi, alipewa kibanda cha mabati kando ya mto. Wiki ya kwanza alimwandikia kaimu wake barua, akiomba daraja kwa haraka. Alijibiwa kwa mhuri wa bluu: "Kumbukumbu zetu zinaonyesha daraja lako lilikamilika na uliliidhinisha mwenyewe. Unaonywa kuacha uchochezi."

Akaenda kwa shangazi, kofia mkononi, kumsihi wakazi waandike wameridhika.

"Tutaandika," shangazi alisema, "siku tutakayovuka wakavu."

Wiki ya nne alivua tai, akaingia mtoni na shoka. Wanaume wa Bondeni walimsaidia kukata miti. Bi Nondo, aliyekuwa amechukua likizo, alisimama ukingoni akipiga kelele za vipimo.

"Nguzo imeinama, bosi!"

"Imeinama kidogo tu," alihema yule, tope hadi masikioni. "Tuseme imekidhi vigezo."

Shangazi aliinuka kwenye kigoda chake, akafumba jicho moja, akaipima nguzo kuanzia juu hadi majini.

"Ing'oe, mwanangu," alisema. "Uanze upya. Sisi hatuna haraka."