Mkia wa Neno kwenye Jiwe la Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi kaja karakanani. Anataka jiwe la kaburi la marehemu mumewe, aliyefundisha Kilatini maisha yake yote. Chini ya jina, neno moja tu: DILECT, yaani mpendwa. Mkia wake, yaani herufi za mwisho, ataniambia Ijumaa, bado anafikiri. Kanieleza kwamba sisi hubadilisha neno mwanzoni, mpendwa, wapendwa. Kilatini hulibadilisha mkiani. Mkia ndio unaosema ni mume au mke, mmoja au wengi, anayetenda au anayepewa. Nikaitikia kwa kichwa kama msomi. Ijumaa! Shemeji, mchongaji wa ng'ambo ya barabara, akijua nimekaa bure nasubiri herufi, ataninyang'anya kazi.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Marehemu ni mwanamume. Ni mmoja. Hapewi tena chochote. Nimeazima kitabu: mkia ni -US. Nimechonga. Ndani kabisa, herufi za kupendeza! Shemeji kapita, kachungulia, kauliza kama mwenye jiwe ameridhia. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Shangazi anataka -I. Wingi! Jina lake liandikwe chini ya la mumewe, mwaka wake wa kufa uachwe wazi. Anasema wameishi pamoja miaka arobaini, hataki kuandikwa peke yake mahali pengine. Kisha akaiona -US. Akaipapasa kwa kidole, akaniuliza taratibu kwa nini sikumngoja. Niliona aibu, sikufichi, shajara. Nikamwambia inazibika.

Jumamosi, 8 Machi
Unga wa jiwe na gundi. Safi! Haionekani hata kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua ya jana. -US imerudi, nyeupe pe! Shangazi kampa shemeji kazi. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 13 Machi
Nimevuka barabara kwa kisingizio cha kuazima tupa. DILECTI, majina mawili, na ile nafasi ya mwaka. Shemeji anasema alimsomea Shangazi kila herufi kabla ya kugusa patasi. Herufi moja tu, na Shangazi yumo ndani yake na mumewe. Machozi yalinilenga.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeguswa mno. Lile jiwe langu nimeligeuza upande wa pili, liwe letu, mimi na mke wangu. Wingi! Nimechonga tangu alfajiri, ndani kabisa, majina yote mawili. Yeye sijamuuliza. Atafurahi tu.