Faili Linatumika

Jumatatu, 2 Juni

Nimechoka na kompyuta hii. Nimeibonyeza tangu asubuhi, inanitazama tu.

Jambo lenyewe dogo. Wiki iliyopita nilivaa koti la Mjomba Erasto, nikajipaka poda kichwani nipate mvi, nikajirekodi nikiombea chakula kama yeye. Mjomba akianza kuombea samaki wa migebuka hamalizi. Anamshukuru Mungu kwa mvuvi wa Katonga, kwa mtumbwi wake, kwa wavu, kwa aliyeushona wavu, mpaka mchuzi unaganda. Nilimpatia hasa. Kwa kuigiza, Kigoma hii sina mpinzani. Ujiji ndiyo kabisa.

Kosa ni moja. Video niliiweka kwenye folda ya kwaya. Mjomba ni mwenyekiti wa kwaya. Yuko Kasulu, anarudi Jumamosi na wageni awaonyeshe hiyo folda. Akiikuta yangu, narudishwa Mwandiga kwa babu kukamua mawese. Alishasema: Bariki, kosa moja tu tena.

Leo nikaifungua, nikaitazama mara ya mwisho, kuiaga. Mama Frida, mkewe Mjomba, akapita na beseni. Nikaishusha chini ya skrini haraka. Alipopotea nikabonyeza kufuta. Kompyuta ikajibu: faili linatumika.

Linatumika na nani? Chumbani niko peke yangu.

Jumanne, 3 Juni

Nimemjua. Ni Dismasi, yule wa kibanda cha kuweka nyimbo kwenye flashi, hapa hapa Buzebazeba. Mwezi jana alikuja kuitengeneza kompyuta. Bila shaka aliacha njia ya kuingilia, sasa anatazama kazi yangu bure.

Nikamfuata, nikamwambia aache kulitumia faili langu. Akauliza faili gani. Nikasema analijua. Akasema, kaka, mimi leo hata bando sina, nitalitumia na nini? Kisha akataka kujua lina nini ndani. Nikamwambia si la hadhi yake.

Nilivyorudi jioni, muuza vitumbua naye akaniuliza faili langu lina nini.

Frida, binti wa Mjomba, yuko kidato cha pili lakini mdomo umeshamaliza cha sita. Akasema eti nikiacha kujitazama litafutika. Shule zinawaharibu hawa watoto.

Alhamisi, 5 Juni

Nimejishusha kwa Dismasi. Shingo inauma mpaka sasa. Akanipa flashi yenye programu ya kufuta mafaili sugu. Akanionya nichague faili moja, nisiguse mengine. Ndiyo maana hakui kibiashara, mwoga.

Nyumbani nikaitazama video kwanza, nihakikishe ndiyo yenyewe. Ndiyo yenyewe. Nilipofika kwa mshona wavu nikacheka peke yangu, Mama Frida akauliza kutoka jikoni kama nina homa. Nikaishusha chini.

Kisha nikachagua folda nzima. Mimi si mtu wa kimoja kimoja.

Programu imefanya kazi vizuri sana. Video za kwaya zimefutika zote, hata kwenye kapu la taka hazimo. Imebaki moja.

Linatumika.



Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi umeme ukakatika, kompyuta ikazimika yenyewe. Uliporudi nikaiwasha. Frida akasimama nyuma yangu akasema futa sasa hivi, usifungue kitu.

Lakini faili lilikuwa peke yake kwenye folda ile kubwa, likanitia huruma. Hata marehemu anaagwa. Nikalitazama kidogo tu. Kubonyeza: linatumika. Frida akatoka, mlango akaupigiza.

Nimesubiri umeme ukatike tena mpaka macho yameuma. Siku unapoutaka unawaka tu.

Sina nguvu ya kupambana na mashine. Nimechomoa waya wa kompyuta, nimeuficha ndani ya gunia la unga wa muhogo. Hapo hafiki mtu.

Jumamosi, 7 Juni

Wamefika. Mjomba, Mzee Nathaniel na Mama Joanitha, viongozi wa kwaya ya Kasulu. Nikatoa shikamoo kwa kila mtu, karibu niipe na mizigo. Kisha nikasema kwa majonzi kwamba waya umepotea.

Nilisahau kwamba wageni hupikiwa ugali. Mama Frida akatoka jikoni na waya mkononi, umejaa unga, akauliza ni nani anakula umeme humu ndani.

Mjomba akafungua folda. Akauliza kwaya iko wapi. Nikasema imepumzika. Akabonyeza kilichobaki.

Nimetoka vizuri, siwezi kusema uongo. Mama Joanitha alicheka mpaka kilemba kikafunguka. Mzee Nathaniel akasema, Erasto, huyo ni wewe mtupu, imebaki apitishe sadaka. Mjomba hakucheka. Alisema neno moja: lile ndilo koti alilofungia ndoa.

Hapo Frida akatoa flashi. Alizinakili video zote za kwaya Jumanne, aliponiona naelekea kwa Dismasi. Zote isipokuwa yangu. Wivu huo.

Mjomba akaniamuru nilifute mbele yake. Nikabonyeza, likagoma, linatumika. Nikamwambia, umeona Mjomba? Si mimi. Frida akanyoosha mkono, akaifunga video iliyokuwa wazi pale mbele yetu, akabonyeza mara moja. Likafutika.

Bahati tu. Nilikuwa nimeshalilegeza.

Mjomba akaombea chakula kwa kifupi mno. Amina ilipoisha akaniambia nifunge begi.

Jumapili, 8 Juni, Mwandiga

Mikono imejaa mafuta, mgongo umekufa. Nimefikiria sana kosa lilikuwa wapi, nimeona ni kompyuta. Ya zamani mno ile.

Babu Feliksi ana mambo. Anaongea na chikichi kama wajukuu, anazigombeza zisipochemka. Adhuhuri alipolala nikavaa kofia yake, nikajirekodi kwenye simu. Nimempatia kuliko hata Mjomba.

Ila babu ameshatangaza kwamba akinikuta na upuuzi wowote atanitafutia mahali pa mbali kuliko hapa. Mimi si mjinga. Nalifuta leo hii, kabla hajaamka.

Ngoja tu nilitazame mara ya mwisho.