Kitanda Kilichokaa Chini Mno

Verlyn Tollefsrud,
Nyumba ya kona, nyuma ya kanisa la Walutheri,
Haugen Lake, Minnesota.

Meneja,
Duka la Samani la Ostby.

Ndugu Meneja,

YAH: KITANDA CHA MBAO ZA MJOZI, MTINDO WA MIAKA YA HAMSINI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kwanza natumaini hujambo, na kwamba theluji ya juzi haikuziba mlango wa duka lenu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa kwa hayo yatakayofuata. Naomba radhi kwa kukusumbua. Mimi si mtu wa kulalamika. Mara ya mwisho nilipolalamika kwa maandishi ilikuwa juu ya bata bukini waliochafua uwanja wa kanisa, na hata hapo nusu ya barua niliwatetea bata.

Kitanda chenyewe si kibaya. Nataka hilo lieleweke mapema. Mbao zinang'aa, na shemeji yangu alisafiri kuja kukitazama, akakizunguka, akasema, "Kweli, hiki ni cha aina yake." Huku kwetu mtu akisema hivyo huwa amekutukana, lakini nilimshukuru na kumpa keki.

Nilikiona kwanza kwenye gazeti la picha nikisubiri zamu yangu kwa daktari wa meno. Kilikuwa chini, chembamba, miguu imechongoka, na juu yake amejilaza mwanamume bila soksi anasoma kitabu. Nikajiona. Nimeshastaafu, tumbo limenitangulia, na tangu nizaliwe katika jimbo hili sijawahi kulala bila soksi, lakini nikajiona. Nilitoka kwa daktari nusu ya uso imekufa ganzi, nikaja moja kwa moja dukani kwenu. Muuzaji wenu alipoanza kunieleza nilishindwa kumjibu, naye akadhani ninatafakari. Akaniambia huu ndio mtindo wa miaka ya hamsini. Miaka hiyo mimi nilikuwa mtoto, tunalala watatu kitanda kimoja chini ya paa ambalo misumari yake ilikuwa ikiota barafu, na hakuna aliyetuambia kwamba kuna mtindo unaendelea. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kukiwahi kilichonipita.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kimo. Maisha yangu yote ya kazi niliendesha gari la wilaya la kusukuma theluji, ambalo kiti chake kiko juu kuliko madirisha ya watu wengi. Nimezoea kupanda. Kitanda chenu hakipandwi, kinashukiwa. Jioni si shida, kwa kuwa kuanguka hakuhitaji ujuzi. Shida ni asubuhi. Kwanza najiviringisha hadi ukingoni, kisha napiga magoti sakafuni, kisha nangoja. Mchungaji wetu alipita siku moja kutuletea kalenda, akaniona dirishani katika hali hiyo, na Jumapili akanitaja mbele ya kanisa zima kuwa mfano wa mtu wa sala. Sikumkatiza, maana watu walikuwa wameshageuka kunitazama. Sasa nimepewa kikundi cha maombi nikiongoze.

2. Ukingo. Godoro limeingia ndani na mbao zimebaki nje, kama baraza la nyumba. Baraza hilo liko sawasawa na miundi ya miguu yangu. Nimeugonga wa kulia, nimeugonga wa kushoto, na kwa kuwa nililelewa vizuri, mara zote mbili nilikiomba kitanda samahani.

3. Kiburi. Kitanda chenu hakipatani na kitu kingine chochote. Kilipoingia tu, taa ya marehemu mama mkwe wangu, ile yenye pindo za uzi, ikaanza kuonekana kituko. Nikaitoa. Kiti cha bembea nacho kikafuata, kisha mapazia. Mwisho ikawa zamu ya blanketi la viraka ambalo wanawake wa kanisa walimshonea mke wangu, LaVonne, tulipooana, kila mmoja akitia kipande cha gauni lake la zamani. Nilimwambia LaVonne kwamba halilingani na mstari wa kitanda. Sijui mstari ni nini. Nilisoma kwenye kijitabu chenu. Alilikunja taratibu akasema, "Sawa, wewe ndiye unayejua mistari." Vitu vyote nilivyovitoa alivipeleka chumba chake cha kushonea, na mimi nakilaumu kijitabu.

4. Bwana Angelo. Huyu ndiye aliyekileta na kukiunga, kwa haraka na bila kubakiza parafujo hata moja. Ni mtu mwema, amehamia huku kutoka New Jersey, na nadhani hapo ndipo shida ilipoanzia. Alipomaliza alikitazama kitanda chetu cha zamani, kile kirefu cha chuma, cha kupanda, ambacho LaVonne aliachiwa na bibi yake, akaniuliza, "Mzee, nikuondolee hiki?" Nikamjibu kama mtu yeyote aliyefunzwa adabu: "Aa, usijisumbue." Akasema, "Poa," akaondoka.

Ndugu Meneja, akaondoka. Wewe ni mtu wa hapa, sina haja ya kukueleza, lakini nitaeleza kwa faida ya Bwana Angelo. Huku mtu akikukaribisha kahawa, unakataa. Akikukaribisha tena, unakataa kwa sauti ndogo zaidi. Ya tatu ndiyo unasema haya, nusu kikombe tu, kama imeshachemka. Anayekaribisha mara moja hajakaribisha bado, amesafisha koo tu. Nilisimama mlangoni kwenye baridi nikimngoja ageuke, na yeye akawasha gari. Ikabidi nikisukume kile kitanda kirefu mwenyewe hadi chumba cha kushonea, ambako taa, mapazia, kiti cha bembea na blanketi vilikifuata. Kwa hiyo utaona kwamba bila kukusudia duka lenu limetengeneza chumba cha pili cha kulala ndani ya nyumba yangu, tena kizuri kuliko cha kwanza.

5. Mke wangu. LaVonne alianza kulala huko kwa sababu ya mgongo. Kesho yake ilikuwa kwa sababu ya kukoroma kwangu, ambako amekuvumilia tangu tuoane. Baada ya hapo hakutoa sababu tena. Nilimwuliza kama angependa kurudi chumbani. Akasema, "Usijali, niko sawa tu huku." Siku chache baadaye nikamwuliza tena, akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Hapana, sitaki kukubana." Mimi si mtu wa kung'ang'aniza, nikajua ameshaamua. Sasa tunakutana mezani tu, tunapeana chumvi kwa heshima kubwa. Usiku nalala katikati ya mstari wangu, namsikia ng'ambo ya ukuta akizima taa ya mama yake. Nakuambia wazi kwa kuwa hatujuani: nina upweke, Ndugu Meneja. Nimekuwa mjane wa mtu aliye hai, naye bado ananipikia.

Kwa kuwa kitanda ndicho kilicholeta haya yote, naomba yafuatayo, kama si usumbufu:

Mmtume tena Bwana Angelo aje aulize juu ya kile kitanda kirefu kwa utaratibu unaofaa. Mumfundishe njiani. Kikishaondoka, LaVonne atakosa pa kulala, na kwa hesabu ya kawaida atarudi kwangu. Akihamia kiti cha bembea, mkiondoe pia. Akilala sakafuni juu ya blanketi, sitathubutu kuligusa blanketi, lakini mnaweza kuubomoa ukuta. Ukuta niliujenga mwenyewe na hauna thamani.

Hayo yote yakishindikana, kijitabu chenu kinasema mteja asiyeridhika atarudishiwa hali yake kama ilivyokuwa kabla ya kununua. Hali yangu kabla ya kununua ilikuwa kwamba kuna mtu analala upande wa dirishani na kunipiga kiwiko nikikoroma. Sidai zaidi ya hapo. Kiwiko kinatosha. Naomba pia majibu yenu yawe na muhuri wa duka, nimwonyeshe LaVonne kwamba kosa ni la kitanda na wala si la mtu yeyote anayemfahamu.

Nisalimie wafanyakazi wote, hasa muuzaji aliyenistahimili mimi na ganzi yangu. Nisalimie pia Bwana Angelo na watu wa nyumbani kwake. LaVonne anasema safari ijayo asiondoke bila kahawa.

Ni mimi, mteja wenu ambaye bado anakipenda kitanda chenu akikitazama kutoka mlangoni,

Verlyn Tollefsrud

Tanbihi: Barua zangu zote LaVonne huzisoma kabla hazijaingia kwenye bahasha, kwa sababu alikuwa karani wa shule na koma iliyopotea humnyima usingizi. Hii nilimwachia mezani jana mchana. Aliirudisha bila kusahihisha koma hata moja. Alikuwa amezungushia penseli yale maneno ya kahawa kwenye namba nne, akayazungushia na yale yanayomhusu yeye kwenye namba tano, na pembeni akaandika: "Verlyn, hebu hesabu."

Nikahesabu. Nikarudia kwa vidole, kwa sababu sikuamini kwamba mtu mzima, mzaliwa wa hapa, kiongozi wa kikundi cha maombi, anaweza kuuliza akaishia mara ya pili, kisha akamlaumu mtu wa New Jersey. Niliona aibu sana. Nikaenda hadi mlango wa chumba cha kushonea, nikamwuliza kama angependa kurudi. Hakuinua macho kwenye sindano yake. Akasema, "Haya basi, kama hakuna usumbufu." Alikuja na taa ya mama yake na lile blanketi la viraka, na mimi sikutaja mstari wowote.

Kwa hiyo msimtume mtu. Kitanda hakina kosa, kijitabu hakina kosa, na Bwana Angelo ni mtu safi kabisa. Barua hii naituma tu kwa sababu stempu ilishabandikwa, na kwetu stempu haitupwi. Hata hivyo itachelewa kidogo kufika posta. Ni asubuhi, nayaandika haya kwa penseli nikiwa nimelala chali, na yale ya kimo sasa yamemkuta LaVonne pia. Nimejaribu kumsukuma ainuke, naye amejaribu kunivuta, na sasa anacheka hadi mbao zinalia. Tumekubaliana kungoja Mchungaji apite.