Siku Chelezo Kilipozama Hail

Sogeeni karibu, enyi watu wa Maskati, wa Hail na Khuwair na Darsait, nanyi mlioko mbali mnaopata habari zetu kwa uvumi tu. Wekeni chini vikombe vya kahawa, zimeni televisheni, na mwenye kupiga miayo na apige sasa amalize, maana linalosimuliwa hapa si jambo dogo. Ni habari ya Sleyum bin Murshid, fahali wa ndoana, mfungaji wa mafundo yasiyofunguka hata kwa mwenyewe aliyeyafunga, mmiliki wa vyelezo thelathini na vinane. Namna alivyotoka nyumbani kwake asubuhi ya Jumamosi, amevaa kofia pana na hofu, akaenda kuikabili bahari ya Oman, na yaliyomfika huko.

Alikuwa mtu wa makamo, afisa katika wizara moja huko Khuwair, mzawa wa Maskati wa wazee waliotoka Unguja, na nyumbani kwake hakikusemwa ila Kiswahili, isipokuwa wakati wa kugombana na fundi wa kiyoyozi. Kazini alisimamia mafaili, na mafaili hayakumheshimu. Lakini ndani ya simu yake ulikuwamo ufalme mwengine. Ulikuwamo umoja wa watu arubaini na mmoja, uitwao Jumuiya ya Vyelezo, waliokusanyika katika kundi moja la simu ili kupeana habari za safari zao za kuvua, za fito na mishipi yao, na za siri za chelezo, kile kiboya kidogo kinachoelea juu ya maji na kuzama samaki akiuma. Na katika ufalme huo Sleyum aliitwa Mwalimu.

Na kwa nini asiitwe? Ndiye aliyefundisha kwamba chelezo chembamba ni cha maji tulivu na chenye tumbo ni cha maji ya mawimbi. Ndiye aliyefundisha kwamba punje za risasi zipangwe kwenye mshipi kama shanga, kubwa juu na ndogo chini, mpaka kibaki kichwa tu cha chelezo juu ya maji, chekundu, kidogo kama punje ya mtama, ili samaki akigusa asihisi uzito akashtuka. Alituma somo la sauti la dakika tisa juu ya rangi ya ncha. Watu walilisikiliza wakiwa kwenye foleni ya magari, nao wakatuma vidole gumba.

Ila Mwalimu huyu, Mola amsitiri, hakuwahi kukamata samaki hata mmoja katika maisha yake.

Miaka miwili nyuma alituma picha amemshika changu mkubwa, urefu wa mkono, na Jumuiya ikashangilia siku tatu mfululizo. Changu yule alitoka sokoni. Alikuwa ameshapasuliwa tumbo, na Sleyum alilifunika pasuo kwa kiganja, akatabasamu kama jemadari. Aliyepiga picha hiyo ni mkewe, Nasriya binti Saud, mwanamke mwenye macho makali na ulimi ulio tayari. Lakini juu ya jambo hilo hakusema neno siku hiyo, wala mwezi ule, wala mwaka ule. Na kimya chake kilikuwa kimekaa nyumbani mwao kama mgeni asiyeaga.

Basi ikawa usiku wa Alkhamisi, baada ya Sleyum kumaliza kunena juu ya kina cha maji, akainuka katika kundi mtu aitwaye Badr, mhandisi, mwenye fito saba na gari refu, akaandika mbele ya wote:

“Mwalimu, Mola akuzidishie ilimu. Miaka miwili tunasoma. Tunaomba kumuona samaki wa pili.”

Watu arubaini walikuwa wakitazama vioo vya simu zao, na Sleyum akahisi macho yao kupitia ukuta. Jasho likamtoka na kiyoyozi kinanguruma. Ndipo akaandika maneno ambayo hakuyapima: “Jumamosi, kabla ya adhana ya Adhuhuri, mdomoni mwa khori ya Hail, nitamtoa mkizi kwa chelezo. Nisipomtoa, msiniite tena Mwalimu.”

Badr akajibu: “Nami ntakuja kushuhudia.”

Nasriya, aliyekuwa akikunja nguo, akauliza bila kunyanyua kichwa: “Baba Raghad, huyo mkizi ni wa majini au wa sokoni?”

Sleyum akaizima simu, akaenda kulala.

Asubuhi ya ahadi, shujaa akajifunga silaha zake. Akavaa fulana yenye mifuko kumi na minne, na katika kila mfuko akatia kitu kimoja asichokijua matumizi yake. Akachukua ufito wake mrefu mweusi, uliopitisha mwaka mzima nyuma ya kabati ukingoja vita. Akafungua sanduku la vyelezo akavikagua kimoja kimoja kama amiri akaguavyo majeshi: vya unyoya wa tausi, vya mti mwepesi, vya plastiki vyenye mistari ya manjano. Mwisho akabeba chambo chake cha siri, unga uliokandwa kwa thomu, yaani kitunguu saumu, na uwatu, chenye harufu iliyowafanya paka wa mtaa wahame.

Akamkuta mkewe mlangoni, kashika chupa ya chai na mfuko wa maandazi.

“Mama Raghad, wewe unakwenda wapi?”

“Nnakwenda na wewe.”

“Kufanya nini? Huko ni juani, ni mawe matupu, ni uwanja wa wanaume!”

“Kunywa chai,” akasema Nasriya. “Na kuona.”

Wakafika pale mawe makubwa yalipopangwa kuzuia mawimbi. Maji ya khori, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, yalikuwa ya kijani, yametulia, na ndani yake walionekana mikizi wakipita makundi kwa makundi, wanono, hawana haraka, kama maafisa wanaotoka mkutanoni. Badr alikuwa ameshafika, amesimama juu ya jiwe refu kuliko yote, na miguuni pake lilikaa sanduku la barafu jeupe.

“Karibu, ewe Mwalimu!” akanguruma. “Mie nimetangulia tangu alfajiri, na bahari haikuninyima. Humu ndani mna nguru watatu. Uwanja ni wako. Onesha uliyotufundisha!”

“Ewe Badr,” akanena Sleyum, akausimika ufito wake kama mkuki, “mimi sikuja kwa ajili ya wingi. Nimekuja kwa ajili ya sanaa. Leo utaona mshipi ukinyooka, chelezo kikisimama wima kama mnara, na samaki akija mwenyewe kuomba ndoana!”

“Ufito umeushika kichwa chini,” akasema Nasriya kutoka chini ya mwavuli wake.

Vita vikaanza. Chelezo cha kwanza, kile cha unyoya wa tausi, kiliruka kwa utukufu kikatua juu ya jiwe la ng’ambo, na hadi leo kipo huko. Cha pili kilifungamana na mfuko wa fulana yake mwenyewe, ile aliyoinunua sokoni Mutrah. Cha tatu kilizama, naye akavuta kwa nguvu za baba zake wote, akaupata mwani. Kaa wakaja, wale wezi wenye makoleo, wakala chambo cha thomu kwa raha. Mikizi hawakukitazama hata kidogo. Walipokikaribia waligeuza njia, kwa adabu. Saa nne ikapita, ikaja saa tano. Jua likawa linapiga mawe hadi yanapumua moto. Vyelezo tisa vilikuwa vimeangamia, na Sleyum alikuwa na ndoana moja kwenye mkono wa shati, asiyoweza kuitoa.

Ndipo Badr akashuka kutoka jiweni pake. Sauti yake ilikuwa imepungua, na uso wake ulikuwa mwekundu kwa jua.

“Sikiliza, ndugu yangu,” akanong’ona. “Adhana imekaribia. Wewe una heshima yako, na mie sipendi mtu avunjiwe heshima. Chukua nguru mmoja hapa. Mshike, nikupige picha, twende zetu nyumbani. Mie ndiye shahidi, nani atauliza?”

Akafunua sanduku. Sleyum, ambaye wakati huo angepokea msaada hata kutoka kwa kaa, akanyoosha mikono akamtwaa nguru aliyekuwa juu. Akashtuka. Samaki alikuwa mgumu kama ubao. Jicho lake lilikuwa limeganda, na kwenye mapezi yake zilining’inia chembe za barafu.

“Badr,” akasema polepole, “huyu umemvua alfajiri ya leo?”

“Maji ya chini ni baridi sana,” akasema Badr, akatazama upande mwengine.

Nao walikuwa wamesimama mwezi wa Mei, kando ya bahari iliyo vuguvugu kama chai iliyosahauliwa.

Sleyum akaelewa. Angeweza kucheka. Angeweza kumfichua mtu yule mbele ya Jumuiya nzima, ushindi ambao ungeimbwa mwaka mzima. Lakini alipogeuka akamuona Nasriya. Alikuwa ametoa simu yake mwenyewe, ameishika tayari, kama alivyoishika siku ya changu, anangoja aambiwe apige. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka tu. Na kuchoka kule kukamuuma Sleyum kuliko kicheko cha watu arubaini.

Akamrudisha nguru kwenye barafu.

“Ewe Badr bin Osama,” akanena, “nakushukuru, lakini samaki wa namna hii mimi nnaye mmoja tayari, na amenitosha. Nitakaa hapa mpaka adhana. Nikirudi mikono mitupu, nitaandika kwamba nimerudi mikono mitupu.”

Nasriya akaiweka simu chini. Akainuka, akaja hadi ukingoni, akakata kipande cha andazi akakitupa majini. Mikizi kumi wakakirukia kwa pamoja, maji yakachemka.

“Nshakaa hapa saa mbili nawatupia makombo,” akasema. “Wote wanakula. We na thomu zako tu ndio hamuwaoni.”

“Mama Raghad, hakuna mtaalamu hata mmoja aliyetaja andazi!”

“Basi wataalamu wako hawajala langu.”

Akachovya kidole kwenye mafuta ya andazi, akafinya kitonge, akakitia kwenye ndoana kwa mkono wake. Sleyum akarusha. Chelezo, kile cha kumi, chembamba cha mti mwepesi, kikatua karibu sana, hatua tatu tu kutoka miguuni pao, kikasimama wima. Ncha nyekundu ikaonekana, ndogo kama punje ya mtama, hasa kama alivyofundisha. Machozi yakamlengalenga.

“Tazameni!” akanena. “Hivi ndivyo inavyopasa. Punje kubwa juu, punje ndogo chini, na mizani baina ya—”

“Kimezama,” akasema Badr.

“—baina ya uzito na kuelea, ambayo wahenga wa fani hii—”

“Vuta!” akapiga kelele Nasriya. “Vuta, we bwana, vuta!”

Akavuta. Alivuta kwa mikono miwili, na kwa kofia iliyoanguka, na kwa miaka yote ya kunyamaza kwake na kwa mkewe, na kutoka katika maji ya kijani ikaruka cheche ya fedha, ikapita juu ya vichwa vyao vitatu, ikaanguka kwenye mawe, ikapapatika. Badr, mhandisi mwenye fito saba, akajitupa chini kwa tumbo akaifunika kwa viganja.

Akaifunua. Alikuwa mkizi. Alikuwa hai. Alikuwa na urefu wa kidole cha kati cha Sleyum, ukihesabu mkia.

Hakuna aliyecheka. Badr alimtazama samaki yule kwa muda mrefu kama mtu aliyeona mwezi mwandamo.

“Anatikisika,” akasema kwa mshangao.

Nasriya akampiga picha kiganjani mwa Badr, akaituma kwenye simu ya mumewe. Kisha wakamrudisha majini, akaenda zake bila kutazama nyuma, na Sleyum akaketi juu ya jiwe la moto, akaitia picha katika Jumuiya, akaandika chini yake: “Huyu ndiye samaki wangu wa kwanza. Changu wa mwaka juzi nilimnunua. Niliyokufundisheni yote niliyasoma. Nisameheni.” Akaituma kabla moyo haujabadilika, na adhana ikasikika kutoka msikitini.

Dakika tatu, nne zikapita. Nasriya akammiminia chai, ya kwanza aliyommiminia siku hiyo, akakaa karibu yake, bega kwa bega. “Mdogo,” akasema. “Lakini wako.”

Kisha simu ya Sleyum ikalia tiki, kwa kuwa Badr, aliyekuwa amegeuza mgongo, alikuwa ameandika: “Nguru zangu zote, jamani. Zote ni za sokoni.” Na baada yake, kama ukuta unaobomoka, wakaja wengine. Aseel akasema yule kamba wake alikuwa wa hotelini. Sami akasema picha zake ni za shemeji. Mmoja akakiri kwamba hakuwahi kuufungua ufito wake kutoka kwenye karatasi. Walikiri wote, watu thelathini na tisa pamoja na Badr, hadi akabaki mmoja tu, mzee Khattab wa Darsait, mwenyekiti na mwanzilishi, mstaafu mwenye sauti ya kutoa amri, ambaye picha ya jodari wake ilikuwa ndiyo nembo ya kundi.

Khattab alituma sauti ya dakika kumi na moja. Kumi za mwanzo alivuta pumzi na kumtaja Mola. Katika ya mwisho akanena hivi: “Yule jodari alinipita tu pwani, nikampiga picha mikononi mwa mvuvi aliyemvua. Sasa nisikilizeni, enyi jamaa. Jumuiya hii ina miaka minne na jumbe elfu sitini. Leo, Jumamosi, kabla ya Adhuhuri, mbele ya shahidi, Sleyum bin Murshid ametoa samaki. Iandikwe. Wajukuu wasome. Na asiitwe Mwalimu tena. Aitwe Mvuvi, na sisi sote tusimame hapo tulipo.”

Na inasemwa kwamba walisimama, kila mtu nyumbani kwake, wengine mbele ya sahani za wali, wake zao wakiwauliza kulikoni. Kisha mwenyekiti akaiondoa picha ya jodari, akaweka ya mkizi kwenye kiganja cha Badr, na chini ya jina la kundi, mahali pa maelezo, akafuta sifa zote ndefu alizoziandika miaka minne nyuma, akaandika upya kwa mkono wake:

“Jumuiya ya Vyelezo, Maskati. Wanachama: arubaini na mmoja. Samaki: mmoja.”