Wavu wa Uso wa Kaka Taras

Jumatatu, 12 Januari

Baridi ya digrii thelathini na moja chini ya sifuri. Moyo vilevile. Jana, kwenye mechi ya hoki ya barafu, gongo lilimpasua kaka Taras nyusi. Kashonwa nyuzi tisa. Daktari kasema kidole kimoja chini zaidi, jicho lingekwenda. Mezani Baba alimtazama kwa jicho lake zima. Lile la kioo lilitazama friji. Jicho lake la kweli lilipotelea uwanja uleule.

Nimeapa. Taras atavaa wavu wa chuma wa uso mzima! Yeye huvaa kioo cha nusu uso, kwa kuwa wanaume wa ligi yetu huona wavu ni wa watoto na wanawake. Nimemsihi. Kasema afadhali avae gauni.

Jumatano, 14 Januari

Nina shahada ya falsafa, na kazi yangu ni kutunza vifaa vya timu: kunoa viatu vya barafu, kuanika glavu zinazonuka kama mzoga. Lakini bisibisi ninayo mimi! Nimebandua kioo kwenye helmeti ya Taras, nimefunga wavu kwa skrubu, nikatia na gundi. Vioo vyote vya akiba nimevizika ndani ya friza nyumbani, chini ya nyama ya kulungu. Nitasema vimeibwa.

Ijumaa, 16 Januari

Mazoezi. Kocha Lindqvist kauliza ni nani aliyeleta kuku na tundu lake. Wachezaji wenzake walimmwagia Taras bisi wakiita, “Ti, ti, ti!” Njia nzima ya kurudi nyumbani Taras alinipa mgongo. Nilijiona mfia dini.

Jumamosi, 17 Januari

Mechi. Kipindi cha pili gongo lilimfuata usoni, likagonga wavu, likarudi! Nililia kwa furaha.

Kisha jitu la timu pinzani, Brodie Hauk, likaanza kumchokoza Taras. “We mtoto, mama kakufungia mlango? Toka nje tucheze!”

Hapa kwetu mtu hapigani akiwa na wavu. Ni woga, ngumi ya mwenzake itavunjikia kwenye chuma. Anayetaka ugomvi huvua helmeti nzima. Hilo nalijua tangu nina miaka sita. Jumatano, nilipokuwa nafunga skrubu, lilikuwa limenitoka vipi?

Taras akavua. Kichwa wazi kabisa! Akaitupa helmeti nyuma bila kutazama. Ikavuka ukuta wa benchi nilikosimama, wavu mbele. Meno yangu mawili ya juu yakaenda.

Niliponyanyuka, wachezaji wa timu zote mbili waligonga magongo barafuni, tak-tak-tak, kama ilivyo desturi kwa majeruhi. Hata Hauk. Sijapata kuheshimiwa namna ile maishani.

Jumatatu, 19 Januari

Supu ya bitiruti, kwa mrija. Mshono wa Taras ulifumuka kwa ngumi za Hauk. Sasa nyuzi kumi na nne. Jicho limevimba kama andazi, ila bado linaona. Jana alipokuwa akitafuta barafu ya kuliwekea, aliviona vioo chini ya kulungu. Hakugombeza. Ningependa agombeze.

Mwuza mikate leo kaniita bingwa.

Mchana Taras kaja chumbani kwangu, kichwa chini. Kasema haya, mdogo wangu, umeshinda. Atavaa wavu msimu mzima, na hatauvua kwa matusi ya mtu yeyote. Sharti moja tu: na mimi nivae wangu pale benchi, maana uso wangu nao hauna akiba.

Baba alikuwa mlangoni. Lile jicho zima lilinisubiri.

Mimi? Nisimame mbele ya wilaya nzima na tundu la kuku usoni? Juzi tu wamenigongea magongo!

Nikasema nitalifikiria.

Wakatoka. Muda si mrefu nikasikia friza ikifunguliwa, na vioo vikigongana.

Si kitu. Kesho nanunua gundi kali zaidi. Safari hii nitaigandisha kamba ya kidevuni ya helmeti, tuone ataivuaje.