Tywyn Bila Shemeji

Jumapili, 4 Mei

Naandika kwa Kiswahili ili Shaheen, binti yangu, asisome. Akikisikia anakielewa, lakini kwenye karatasi hapiti hata mstari mmoja. Usalama mtupu.

Leo nimekata shauri. Julai nampeleka mke wangu Noorbanu Tywyn. Mji mdogo wa pwani, Wales. Njia ndefu ya kutembea kando ya bahari, mabenchi, chipsi zenye siki, mvua. Wahindi tulipofukuzwa Uganda mwaka 1972, wengine tulipelekwa kambi ya zamani ya jeshi, jirani na mji huo. Baridi ile! Nilipewa koti la msaada, la kike, vifungo vyenye maua, na bado nilijiona bwana. Kwa sababu kwenye foleni ya chai nilimwona Noorbanu, anapuliza kikombe chake.

Tulitembea sana kando ya ile bahari. Peke yetu? Wapi! Mama yake alimwagiza Sikander, kaka yake mkubwa, atufuate nyuma. Kila nikisogeza mkono, anakohoa. Harusi tumefunga, watoto tumezaa, nywele zimepukutika, na Sikander bado anakohoa nyuma yetu. Tulipohamia huku, naye alihamia. Niagara alikuja. Ottawa alikuja. Shaheen alipozaliwa alikuja hospitali na blanketi lake, akalala kwenye kiti changu.

Safari hii, ng'o! Nataka kumshika mkono mke wangu pale pale, bila kikohozi cha mtu. Goti lake linazidi kumsumbua. Tusipotembea mwaka huu, sidhani kama tutatembea tena.

Jumatatu, 5 Mei

Nimepiga simu Tywyn. Mwenye nyumba ya wageni anaitwa Bi Eirlys, mama mpole. Nikamwambia tuliwahi kukaa kambini. Akasema mama yake alikuwa akipeleka masufuria ya supu kule. Supu ile naikumbuka! Haikuwa na pilipili hata ya dawa. Tuliinywa huku tunalia, na kwa miaka mingi nilidhani tunalilia ladha.

Chumba nimepata. Dirisha linatazama bahari.

Nikamwambia Noorbanu hii ni siri. Akauliza tunamficha nani. Nikasema tunaificha Markham yote. Sikander anakaa Markham, mwendo wa saa nzima kutoka kwetu. Akacheka, akaendelea kumenya vitunguu.

Jumatano, 7 Mei

Balaa!

Sikander kaja asubuhi bila taarifa. Katoka Markham mpaka huku kwetu Mississauga, eti alikuwa anapita tu. Kanikuta mezani na mhogo wa kukaanga na ramani ya Wales. Sasa, mtu akikukuta unakula, unamkaribisha. Ndivyo tulivyolelewa kwetu Mbale, Uganda. Naye mwenye adabu anajibu ahsante, nimeshiba. Kwa mhogo, Sikander alijibu ameshiba. Kisha akaitazama ramani, akauliza kama tunasafiri. Mdomo wangu, wenyewe, bila ruhusa yangu, ukasema karibu shemeji, twende wote!

Ilikuwa adabu tu! Hata mtoto anajua jibu lake ni ahsante. Na kweli alisema ahsante. Kisha akauliza, lini?

Jikoni nilisikia kisu cha Noorbanu kimesimama. Mdomo huponza kichwa.

Alhamisi, 8 Mei

Mpango wa kwanza: kumtisha. Nimempigia simu. Nikamwambia Tywyn mvua haikatiki, upepo unang'oa kofia, shakwe, wale ndege wa baharini, wanapora chipsi mkononi. Akasema ni kweli kabisa, yeye walimpora samaki mzima, akamfukuza shakwe mpaka majini na viatu. Nikamkumbusha viatu vyenyewe vilikuwa vyangu. Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nilipokata simu nikakumbuka kwamba sikumpigia ili tucheke.

Jumamosi, 10 Mei

Mpango wa pili: nyumba imejaa. Nikamkuta Sikander dukani kwa Mohamedtaki, anapouza vyakula vya kwetu. Nikampa habari kwa uso wa msiba. Pole sana shemeji, vyumba vimekwisha. Nikaweka na mkono begani.

Mohamedtaki, ambaye hakuulizwa na mtu, akasema haiwezekani, mzee mzima hakosi pa kulala. Akadai namba. Akapiga hapo hapo, sauti ikasikika duka zima. Bi Eirlys akasema vyumba vipo tele! Sikander kapewa kinachopakana na chetu. Bi Eirlys akaongeza kwa furaha kwamba kuta zake ni nyembamba, ndugu watasikiana vizuri.

Kanitilia mchanga kitumbua changu, huyu Mohamedtaki. Nimeondoka bila kununua kitu, na nyumbani hakuna bizari.

Jumapili, 11 Mei

Nimeshindwa kujizuia. Nikamwambia Noorbanu nimechoka na kaka yake.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaniambia kwamba kule kambini alikuwa anaogopa kila kitu. Baba yake alikuwa amezuiwa Uganda, hawajui yuko hai au la. Giza linaingia mapema, lugha ngeni, bahari inanguruma. Lakini nyuma yake alisikia mtu wa kwao anakohoa. Akasema kikohozi kile ndicho kilichompa moyo wa kunitazama mimi.

Tena, akasema, tangu mkewe afariki, Sikander anakula amesimama, karibu na sinki. Nilikuwa sijui.

Nililia. Naandika waziwazi, nililia, Shaheen hataweza kusoma. Mimi ni mtu mbaya. Nimemkumbuka Sikander yule, kijana mwembamba kwenye upepo, hana koti, anatusubiri tumalize maneno yetu. Basi. Twende watatu. Hila nimeacha kabisa, Mungu shahidi.

Jumanne, 13 Mei

Bi Eirlys kanitumia ratiba ya treni ndogo ya mvuke ya pale Tywyn. Inapanda bondeni asubuhi. Kurudi, alasiri! Huko juu kuna maporomoko ya maji na mkahawa, mtu anaweza kukaa hata siku nzima akishawishiwa.

Nikampigia Sikander mara moja. Nikamwambia treni ni juu yangu, zawadi kwa kaka. Sauti ikamkatika, akasema hajaona shemeji kama mimi. Nami machozi yakanilenga, kusema kweli. Akauliza tutakaa wapi. Nikamwambia yeye atakaa dirishani.

Nimekata tiketi moja.