Upepo wa Ndege ya Shigela

Habari ilisomwa redioni saa moja na robo asubuhi, na kufikia saa moja na nusu Igawa nzima ilikuwa imeshaitia chumvi. Ndege ya kujitengenezea, alisema mtangazaji, jana imeshindwa kuruka mbele ya mkaguzi kutoka Dar. Imekimbia uwanja mzima bila kuinuka hata shibiri.

"Uwanja mzima!" Sedekia, ambaye kijiweni wanamwita Redio kwa sababu hazimiki, alipiga benchi kofi. "Miaka minne Shigela anachomelea mabomba, anatwambia anaunda ndege. Kumbe ni pawatila ya kulimia, yenye mabawa!"

Vitus Pancha akainamia zaidi tairi la bajaji alilokuwa anaziba. Leo soga hakuzitaka. Hata chapati aliyoinunua kwa Dada Ikupa, muuza chai wa kijiwe, ilikuwa inapoa pembeni bila kuguswa.

"Gwe Redio, muache mtoto wa watu," alisema Ikupa, akimimina chai ya tangawizi. "Mwezi uliopita si iliruka?"

"Iliruka, lakini uliiona? Basi la Mbeya liliipita, abiria wakampungia mkono! Mtu anaunda ndege ya kufukuza kweleakwelea kwenye mpunga, kweleakwelea wenyewe wanampita, wengine wanamsubiri mbele!"

"Na ilivyokuwa inavuta kushoto," Ikupa akakubali, akijizuia kucheka.

"Usiseme! Ukiiambia twende Rujewa, yenyewe inakupeleka Idodi."

Hiyo ndiyo sababu Shigela alimleta mzee Joachim, fundi mitambo aliyezeekea kwenye mashine za karatasi kule Mgololo. Kwa wiki mbili mzee aliifanyia ndege ile mambo ya ajabu. Mabomba ya miguu aliyavisha bati jembamba, umbo la samaki. Nyufa za kwenye mabawa akaziziba. Magurudumu yote matatu akayafunika kwa madumu ya plastiki aliyoyachonga mwenyewe, na kwenye usukani wa mkia akabandika kibati cha ukubwa wa kiganja, kimekunjwa kidogo, ili isivute tena kushoto. Baada ya hayo yote, ndiyo ikagoma kuinuka.

Redio alikuwa anaagiza chai ya pili pale Shigela alipotokea, na nyuma yake mzee Joachim, begi begani. Walikuwa wamenuniana.

"Mkaguzi anaondoka saa sita," Shigela alisema, bila hata salamu. "Kanipa mbio moja tu, saa nne. Isipoinuka hasaini, na mimi nafugia kuku ndani. Sasa nang'oa madude yote ya huyu mzee."

"Ng'oa," alisema Joachim. "Urudi kwenye mwendo wako wa bodaboda."

"Bora bodaboda inayoruka, bhabha!"

"Juzi nilisema nini, hapa hapa? Nilisema ndege hii ina upepo mwingi, tuupunguze. Upepo ukipungua, kasi inapanda. Mimi narudi Mgololo, kijana. Huko wanasikiliza."

Vitus akaliweka tairi chini. Angeweza kunyamaza, maana madumu yalikuwa yamefunika kila kitu na hakuna aliyechungulia ndani. Lakini zipu ya lile begi ilikuwa imeshafungwa, na mzee wa watu alikuwa anaondoka na aibu isiyo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Huo upepo... niliupunguza."

Benchi zima likamgeukia.

"Ulipunguza nini?" Shigela aliuliza taratibu.

"Upepo. Jana alfajiri, kabla mkaguzi hajaja. Niliona mzee kasema, na nyie hamshtuki. Nikasema ngoja niwasaidie."

"Upepo gani, Vitus?"

"Wa matairi! Kwani kuna mwingine?"

Chai ikampalia Redio.

"Mimi nilisema upepo wa mbele!" Mzee Joachim alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ule unaoizuia ndege ikienda! Wa mbele!"

"Ndo nilianza na la mbele," alisema Vitus. "Halafu nikaona siyo haki, nikapunguza na ya nyuma."

"Yote matatu?"

"Sawasawa kabisa. Nilipima na geji."

Ikupa alilazimika kukaa chini. Redio alikuwa anakohoa na kucheka kwa wakati mmoja, machozi yanamtoka. Shigela peke yake hakucheka. Alimtazama mzee Joachim, akamvua begi begani, akaliweka mezani kwa Ikupa. "Nisamehe, mzee wangu." Kisha akamgeukia Vitus. "Beba pampu. Twende."

Saa nne kijiwe kizima kilihamia pembeni mwa uwanja. Ndege ikanguruma, Shigela ndani yake, ikakimbia, na kabla haijafika nusu ikaachia ardhi. Ikapanda, ikaifuata barabara kuu imenyooka, bila kuvuta kushoto hata kidogo, na basi la Mbeya likaachwa huko nyuma na vumbi lake.

"Mpungieni mkono! Mpungieni!" Redio aliwapigia kelele abiria wasioweza kumsikia.

Wote walikuwa wanaruka isipokuwa Vitus. Yeye alikuwa amekamata pampu kwa mikono miwili.

"Furahi basi!" Ikupa akamsukuma.

"Kupaa ni kwa injini, dada. Kutua ni kwangu."

Ndege ikazunguka, ikashuka, ikagusa, ikadunda mara moja na kutulia. Matairi yakashika. Vitus alilia pale pale mbele ya watu, na hakuona haya.

Saa sita kasoro walikuwa wamerudi kwenye benchi, Shigela akitamba kwamba kasi imetoka kilometa tisini na tano hadi mia na thelathini kwa saa. Mzee Joachim akakunjua karatasi ya mkaguzi, ambaye naye alikuwa ameshasimuliwa kisa chote, akawasomea kwa sauti: "Kibali cha majaribio kimetolewa. Sharti: Fundi Vitus asipunguze upepo wa aina yoyote ile."

Wakaangua kicheko mpaka madereva wa malori wakageuka. Vitus alifuta mikono kwenye suruali, akaichukua ile karatasi, akaisoma mara mbili.

"Chekeni tu," alisema. "Lakini mmeona alivyoandika? Fundi."